Nyuso Zilizoruhusiwa: Rangi, Fedha na Kanuni katika Sinema za Enzi ya Studio

Juni 2020, miji ya Marekani ikiwa imejaa waandamanaji baada ya kuuawa kwa George Floyd, huduma ya HBO Max iliiondoa filamu ya Gone with the Wind kwenye orodha yake. Muda mfupi kabla ya hapo John Ridley, mwandishi wa filamu ya 12 Years a Slave, alikuwa ameomba katika gazeti la Los Angeles Times iwekwe kando kwa muda, kwa sababu inaupamba utumwa wa Kusini. Waliosoma vichwa vya habari tu walidhani imepigwa marufuku, wakakimbilia kuinunua hadi ikapanda juu kabisa katika orodha ya mauzo ya Amazon. Wengine walishangilia wakidhani imezikwa moja kwa moja. Wote walikosea. Kabla ya mwezi kwisha filamu ilirudi bila kukatwa hata kipande, ikiwa na utangulizi wa Jacqueline Stewart, profesa wa masomo ya sinema katika Chuo Kikuu cha Chicago.

Mabishano ya aina hiyo yameendelea tangu hapo kila filamu ya zamani inapotajwa, na sehemu kubwa ya joto lake hutokana na kuchanganya mambo matatu: kwa nini filamu zile zilitengenezwa vile, zina madhara gani kwa anayezitazama leo, na wenye kuzimiliki wafanye nini nazo. Jibu la swali la pili na la tatu hutegemea sana la kwanza, ambalo ndilo huulizwa kwa nadra.

Studio na hesabu zake

Enzi ya studio kwa kawaida huhesabiwa kuanzia miaka ya 1920 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Kampuni tano kubwa, yaani MGM, Paramount, Warner Bros., 20th Century-Fox na RKO, zilitengeneza filamu, zikazisambaza, na zikamiliki majumba ya kuzionyesha. Mwigizaji alifungwa kwa mkataba ulioweza kufika miaka saba, na studio ikamchagulia filamu, jina na sura. Margarita Cansino, binti wa mcheza dansi kutoka Hispania, aling'olewa nywele za paji la uso kwa umeme ili paji lake lipanuke, nywele zilizobaki zikatiwa rangi nyekundu, naye akawa Rita Hayworth. Mkono huo wa studio ulilegezwa mwaka 1948, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua katika kesi dhidi ya Paramount kwamba mtengenezaji wa filamu asiyamiliki pia majumba ya sinema.

Kabla ya hapo kulikuwa na uamuzi mwingine wa mahakama hiyohiyo, usiotajwa mara nyingi lakini wenye matokeo makubwa zaidi kwa mada yetu. Mwaka 1915 majaji walisema sinema ni biashara tu, haistahili ulinzi wa kikatiba ambao magazeti yanaupata. Msimamo huo ulidumu hadi 1952. Kwa miaka 37 basi, mji au jimbo lolote liliweza kuweka wakaguzi wake na kukataa filamu kwa sababu yoyote. Huko Memphis, mkaguzi Lloyd Binford aliikataa filamu ya Curley mwaka 1947 kwa kuwa watoto weusi na weupe walionekana wakisoma pamoja.

Studio ziliogopa wakaguzi wa namna hiyo, pamoja na makanisa yaliyotishia kususia majumba ya sinema, zikaamua kujikagua zenyewe. Kanuni ya Uzalishaji, ambayo wengi huiita Kanuni ya Hays, ilipitishwa mwaka 1930 na kuanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934 chini ya Joseph Breen. Miongoni mwa makatazo yake lilikuwamo la kuonyesha mapenzi baina ya mtu mweupe na mweusi. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 1956.

Hapa pana kosa linalorudiwa sana. Watu husema Kanuni ndiyo iliyowafanya Wamarekani weusi wawe wapishi na wabeba mizigo tu kwenye filamu. Kanuni haikusema hivyo popote. Haikumkataza mwigizaji mweusi kuwa daktari, mwanasheria, mwalimu au mkulima mwenye shamba lake. Iligusa mapenzi. Mengine yote, kuanzia aproni ya mpishi hadi macho yaliyokodolewa kwa woga na Kiingereza kilichovunjwa makusudi, yaliamuliwa na watayarishaji, waandishi na waongozaji wakiwa mezani, bila sheria yoyote kuwalazimisha.

Utetezi wao ulikuwa soko la Kusini. Walisema wenye majumba ya sinema wa Georgia au Mississippi wasingepokea filamu yenye mtu mweusi mwenye hadhi. Upo ukweli ndani yake. Mwimbaji mweusi Lena Horne alipoingia MGM mwaka 1942, nyimbo zake katika filamu nyingi zilipangwa kama vipande vinavyojitegemea, ili mkaguzi wa Kusini aweze kuviondoa na hadithi iendelee kana kwamba hakuwapo. Lakini hesabu hiyo ilikuwa ya upande mmoja. Watazamaji weusi wa Chicago, New York na Detroit nao walilipa viingilio, na ni nadra kukuta studio ikipanga filamu kwa kuwafikiria. Tena Imitation of Life ya Universal ya mwaka 1934, iliyompa Louise Beavers na Fredi Washington nafasi nzito kuliko kawaida ya siku zile, iliteuliwa kugombea Oscar ya filamu bora. Kwa hiyo ushahidi kwamba hadhira ingeweza kupokea zaidi ulikuwapo mapema. Soko lilikuwa kizuizi cha kweli, na lilikuwa pia kisingizio.

Watumishi, maadui na wasioonekana

Hakuna maisha yanayoeleza ugumu wa jambo hili kama ya mwigizaji Hattie McDaniel. Baba yake alizaliwa mtumwa, akapigana katika jeshi la Kaskazini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Yeye mwenyewe alifanya kazi za ndani kati ya maonyesho ya uimbaji na uigizaji. Gone with the Wind, ambamo aliigiza mtumwa wa nyumbani Mammy, ilipozinduliwa Atlanta Desemba 1939, waigizaji weusi hawakuhudhuria, kwa kuwa sheria za Georgia zilitenganisha watu kwa rangi. Februari 29, 1940, katika ukumbi wa Cocoanut Grove wa Hoteli ya Ambassador, Los Angeles, hoteli isiyopokea weusi, McDaniel aliruhusiwa kuingia kwa maombi maalumu ya mtayarishaji David O. Selznick. Aliketi kwenye meza ndogo ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake, kisha akainuka kupokea Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo hiyo. Mwanamke mweusi wa pili kushinda Oscar ya uigizaji, Whoopi Goldberg, aliipata mwaka 1991.

Ushindi ule haukumpa nafasi bora. Aliendelea kuletewa majukumu ya watumishi, na lawama zikamjia kutoka kwa watu wake. Walter White, kiongozi wa chama cha kutetea haki za weusi cha NAACP, alikwenda Hollywood mwaka 1942 kuwashawishi wakuu wa studio waachane na wahusika wa kudhalilisha. McDaniel na wenzake waliona kwamba White, mtu asiyewahi kuigiza, alikuwa akiwanyang'anya mkate bila kuwahakikishia mwingine. Hoja ya McDaniel ilijulikana: afadhali alipwe vizuri kuigiza mtumishi kuliko kuwa mtumishi kweli kwa mshahara wa kijungujiko. Pande zote mbili zilikuwa na haki, na hilo ndilo linaloumiza. White aliona taifa zima la watazamaji likifundishwa nini cha kumfikiria mtu mweusi. McDaniel aliona orodha fupi ya watu waliokuwa wakipata kazi. Mwaka 1945 huyohuyo McDaniel alisimama mbele kutetea haki ya weusi kuishi katika mtaa wa Sugar Hill, Los Angeles, majirani weupe walipotaka wafukuzwe kwa mikataba ya ubaguzi, na wakazi weusi wakashinda kesi. Anayemtazama kama Mammy tu hawezi kulijua hilo.

Kwa Waamerika wenye asili ya Asia njia ilikuwa nyingine. Anna May Wong, mzaliwa wa Los Angeles, alikuwa nyota tangu The Toll of the Sea ya mwaka 1922. MGM ilipoamua kutengeneza The Good Earth, hadithi ya wakulima wa China, ilimpa Paul Muni nafasi ya mkulima. Muni alikuwa mweupe aliyepakwa vipodozi. Baada ya hapo nafasi ya mke wake haikuweza tena kwenda kwa Wong, kwa kuwa hofu ya kuonyesha ndoa ya rangi mbili ilimfunika hata Mchina, ikapewa Luise Rainer, ambaye alipata Oscar kwa kazi hiyo. Wong alifikiriwa kwa nafasi ya Lotus, mwanamke anayeivuruga familia, akakataa: katika hadithi ya Wachina iliyojaa weupe, asingekubali kuwa Mchina pekee, naye awe mbaya. Uamuzi wa kwanza, wa kumchagua Muni, ndio uliofunga milango yote iliyofuata. Haukulazimishwa na Kanuni.

Wenyeji wa asili wa Marekani walijaa katika filamu za wachunga ng'ombe, lakini wakiwa umati unaopanda farasi na kuanguka. Wanavaho waliishi na kufanya kazi katika bonde la Monument Valley ambako John Ford alipiga Stagecoach ya 1939 na The Searchers ya 1956, na katika filamu hiyo ya pili chifu wa Wakomanche aliigizwa na Henry Brandon, mzaliwa wa Ujerumani. Hata Broken Arrow ya 1950, iliyosifiwa kwa kumtendea haki kiongozi wa Waapache, Cochise, ilimpa nafasi hiyo Jeff Chandler, mweupe kutoka Brooklyn.

Kisa cha Wayahudi kinavunja maelezo mepesi yanayosema kwamba wenye studio walipendelea watu wao. Louis B. Mayer, Adolph Zukor, ndugu wa Warner, Carl Laemmle na Harry Cohn walikuwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi. Hata hivyo katika miaka ya 1930 Myahudi alikaribia kutoweka kwenye skrini. The Life of Emile Zola ya 1937, ambayo sehemu yake kubwa ni kesi ya Kapteni Dreyfus aliyeonewa kwa Uyahudi wake, haitamki neno Myahudi hata mara moja. Wakuu hao waliogopa kuamsha chuki dhidi yao wenyewe. Kisha ikaja Crossfire ya 1947, inayolaani chuki dhidi ya Wayahudi. Katika riwaya ambayo filamu hiyo ilitolewa, aliyeuawa alikuwa shoga. Kanuni haikuruhusu ushoga kutajwa, basi kundi moja likapata sauti kwa kuchukua nafasi ya jingine.

Wanawake walikuwa mbele ya kamera kwa wingi, nyuma yake wakapungua. Baada ya sinema kuanza kuwa na sauti, Dorothy Arzner alibaki karibu peke yake kama mwongozaji mwanamke ndani ya studio kubwa, ingawa vyumba vya uhariri vilikuwa na mafundi wa kike kama Margaret Booth wa MGM.

Afrika Mashariki kama mandhari

Swali hili linatugusa moja kwa moja kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa Hollywood ilikuja kupiga picha hapa. Mwaka 1929 MGM ilimtuma mwongozaji W. S. Van Dyke na kikosi chake Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo kupiga Trader Horn, iliyotoka 1931 na kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora. Mkenya Mutia Omoolu aliigiza Rencharo, mbeba bunduki na rafiki mwaminifu wa mfanyabiashara mweupe, akapelekwa hadi California kumalizia sehemu zilizobaki. Jina lake liliandikwa kwenye filamu, heshima ambayo mamia ya Waafrika wengine waliopigwa picha hawakuipata. Vipande vilivyosalia vilitumiwa mwaka uliofuata katika Tarzan the Ape Man, ambayo waigizaji wake wakuu hawakuondoka California. Tembo wa Asia walivishwa masikio ya bandia wafanane na wa kwetu. Hivyo watu halisi wa Afrika Mashariki waligeuzwa pazia la nyuma la Afrika ya kubuni.

Uingereza nayo ilikuwa na studio zake na picha yake ya Afrika. Katika Sanders of the River ya 1935, Paul Robeson, Mmarekani mweusi aliyekuwa akisoma lugha za Kiafrika London, alikubali kuigiza akiamini filamu ingeonyesha utamaduni wa Afrika kwa heshima. Miongoni mwa waigizaji wa ziada alikuwamo Jomo Kenyatta, mwanafunzi aliyehitaji fedha. Filamu ilipokamilika ilikuwa wimbo wa sifa kwa utawala wa kikoloni, na Robeson akaikana. Kisa hiki ni muhimu kwa sababu kinaonyesha mahali mamlaka yalipokuwa. Mwigizaji mashuhuri kabisa, na rais wa baadaye wa Kenya, walikuwa ndani ya fremu, na wote wawili hawakuwa na neno katika chumba cha uhariri.

Wimbi la miaka ya 1950 lilileta King Solomon's Mines, The African Queen na Mogambo. Kazi ya kupiga Mogambo nchini Kenya ilianza mwishoni mwa 1952, wiki chache baada ya hali ya hatari kutangazwa dhidi ya Mau Mau. Mtazamaji anayetegemea filamu hiyo peke yake hawezi kujua kilichokuwa kikigombaniwa katika ardhi ile. Something of Value ya 1957 ilithubutu zaidi: Sidney Poitier akiwa Kimani anapewa sababu za kukasirika, kofi alilopigwa mbele za watu na baba aliyefungwa kwa kufuata mila, ingawa hadithi inabaki mikononi mwa rafiki yake mweupe. Hatari! ya Howard Hawks, iliyopigwa maeneo ya Arusha na kutoka 1962, ni filamu ya kupendeza macho kuhusu wageni wanaokamata wanyama, katika nchi iliyokuwa ndiyo kwanza inapata uhuru. Hilo la uhuru halimo.

Wakati huohuo bodi za ukaguzi za kikoloni katika Kenya na Tanganyika ziliamua filamu ipi Mwafrika aruhusiwe kuiona. Watu walipigwa picha katika ardhi yao, kisha mtawala akaamua kama wanafaa kuitazama.

Hoja zinazoshindana

Kambi ya kwanza inasema zama zile zilikuwa hivyo, tusiwahukumu waliokufa kwa vipimo vyetu. Nguvu ya hoja hii ni kwamba inamlazimisha mtazamaji kuzijua sheria, mikataba na wakaguzi waliokuwapo, na inalinda thamani ya ufundi. Anayeitupa The Searchers kwa sababu ya Henry Brandon anajinyima filamu inayomwangalia mbaguzi kwa jicho kali, maana mhusika mkuu wake ana chuki inayokaribia wazimu, na kamera inaijua.

Udhaifu wake ni kwamba zama zile hazikuwa na sauti moja. NAACP, kilichoundwa mwaka 1909, kiliandamana dhidi ya filamu ya The Birth of a Nation mwaka 1915. Selznick mwenyewe aliandikiana na Walter White kabla ya kupiga Gone with the Wind, akaondoa tusi la rangi lililomo kwenye riwaya na kulificha kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan. Alijua kwamba kuna wanaoumia, akabadilisha kile ambacho hakikumgharimu, akaiacha hadithi ya watumwa wenye furaha. Zaidi ya hayo, Oscar Micheaux alikuwa akitengeneza filamu tangu 1919 kwa ajili ya watazamaji weusi, zenye madaktari, walimu na matapeli weusi, nje ya studio na kwa fedha za kuokoteza. Mtu anaposema zama zile, anawasahau watu hawa ambao nao waliishi humo.

Kambi ya pili inataka filamu hizo ziondolewe. Wasidharauliwe, kwa sababu historia iko upande wao katika jambo moja: sinema inaweza kuua. The Birth of a Nation iliwatukuza Ku Klux Klan, na mwaka huohuo wa 1915 kundi hilo lilifufuliwa Georgia, likaitumia filamu kukusanya wanachama kwa miaka mingi. Pia huduma ya kulipia si maktaba ya taifa. Haina wajibu wa kutangaza kila ilichonacho.

Tatizo linaonekana tukiangalia mfano ulio hai. Disney imeizuia Song of the South ya 1946 kwa miongo kadhaa; haijawahi kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani Marekani, wala haimo kwenye huduma yake ya mtandaoni. James Baskett, aliyepewa Oscar ya heshima kwa filamu hiyo, amefichwa pamoja nayo. Watu hawawezi kuona alichofanya wala kupima lawama ambazo NAACP ilizitoa wakati ule. Anayenufaika zaidi na ukimya huo ni kampuni, ambayo jina lake linabaki safi. Kisha upo upotevu usiorudishika. Within Our Gates ya Micheaux ya mwaka 1920 ilidhaniwa imepotea kabisa hadi nakala moja ilipopatikana Hispania. Filamu zilizotengenezwa kwa fedha kidogo na watu wasio na nguvu hupotea zenyewe, na utamaduni wa kuficha hauzisaidii.

Kambi ya tatu inataka filamu zionyeshwe pamoja na maelezo. Ndiyo njia iliyochukuliwa kwa Gone with the Wind, na mwaka 2021 chaneli ya TCM ilifanya mfululizo wa mazungumzo kuhusu filamu za namna hii. Ubora wake unategemea kabisa maelezo yenyewe. Onyo la sentensi mbili zilezile mbele ya kila filamu, kama linavyowekwa kwenye baadhi ya katuni za zamani, humwambia mtazamaji kwamba kuna kitu kibaya bila kumwambia nani alikifanya, kwa nini, na nani alipinga. Onyo la namna hiyo humkinga mwanasheria wa kampuni. Halimfundishi mtazamaji kitu.

Wapo pia wanaopima kwa kuhesabu nyuso: weusi wangapi, wanawake wangapi, dakika ngapi. Hesabu ina faida yake kwa ajira za leo, lakini kwa enzi ya studio hupotosha. Trader Horn imejaa Waafrika kuliko filamu nyingi za karne ile. Cabin in the Sky ya 1943 ina waigizaji weusi watupu, huku mwongozaji, mwandishi na wenye fedha wakiwa weupe. Ukihesabu nyuso, filamu hizo zinashinda.

Kupima

Kwa maoni yangu kipimo kinachofaa ni kuuliza, kwa kila filamu, mtengenezaji alikuwa na nafasi gani ya kuchagua vingine na alichagua nini. Swali hilo linatenganisha mambo ambayo kambi zote huyachanganya. Kukatwa kwa wimbo wa Lena Horne huko Kusini ni kazi ya mkaguzi, lakini kuupanga wimbo ili ukatike kirahisi ni kazi ya MGM. Kumficha mhusika shoga katika Crossfire ni kazi ya Kanuni. Kumpaka Muni vipodozi ni chaguo, na kuiacha Kenya ya 1952 bila sababu ya vita vyake ni chaguo pia. Selznick anastahili sifa kwa tusi alilolifuta na lawama kwa utumwa alioupamba, na sifa haiifuti lawama.

Kipimo hiki kinaruhusu pia kusema kwamba filamu yenye kasoro inaweza kufungua mlango. Pinky ya 1949 inahusu mwanamke mweusi mwenye ngozi nyeupe, na Fox ilimpa nafasi hiyo Jeanne Crain, mweupe, ili busu lake na mpenzi wake mweupe lisilete shida. Ni uamuzi wa woga. Hata hivyo filamu hiyo ilipokatazwa katika mji wa Marshall, Texas, mwenye ukumbi aliionyesha, akatiwa hatiani, na rufaa yake ikafika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1952 ilimfutia hatia. Uamuzi huo ulikuwa miongoni mwa maamuzi yaliyovunja nguvu za wakaguzi wa miji. Studio haikuwa na ujasiri wa kumtafuta mwigizaji mweusi, lakini filamu yake ilisaidia kuwaondolea wengine kizuizi.

Kwa hiyo nasimama na wanaotaka filamu zionyeshwe na maelezo, kwa masharti mawili. Kwanza, maelezo yahusu utengenezaji: nani alikataliwa nafasi, nani aliandika barua ya kupinga, kipande gani kilikatwa wapi. Mtazamaji wa The Good Earth aelezwe habari za Anna May Wong, na wa Gone with the Wind aambiwe kuhusu meza ya pembeni ya Cocoanut Grove na kesi ya Sugar Hill. Pili, filamu hizo zisiwekwe peke yake. Anayeonyeshwa The Birth of a Nation darasani aonyeshwe na Within Our Gates, iliyokuja miaka mitano baadaye na inayoonyesha mauaji ya weusi mikononi mwa umati wa weupe. Pako mahali ambapo kuonyesha hakufai: burudani ya familia isiyo na mtu wa kueleza, na hasa watoto wadogo. Kumwekea mtoto wa miaka sita Birth of a Nation kwa jina la uhuru wa historia ni uzembe.

Gharama ipo, na ni haki kuitaja. Maelezo mazuri yanahitaji watafiti, nyaraka za studio na muda. Kuondoa filamu kunachukua dakika moja, na kubandika onyo siku moja. Kampuni zitachagua njia rahisi kila mara isipokuwa watazamaji na wasomi waidai nyingine. Kwa filamu zilizopigwa Kenya, Uganda na Tanganyika, hakuna anayeweza kufanya kazi hiyo vizuri kuliko watafiti wa Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Katika Hatari! na nyingine za aina yake, watu wa pembeni huzungumza Kiswahili ambacho mtazamaji wa Marekani alikisikia kama kelele za porini. Yapo maneno ndani ya filamu hizo ambayo hadhira iliyokusudiwa haikuyaelewa, na kuyaandika, pamoja na kutafuta majina ya walioyasema na malipo waliyopata, bado kunawezekana wakati nyaraka na familia za baadhi yao zingalipo.